Muuza karanga anayesaka mwisho wa kesi

DODOMA. Gari la moshi kutoka Daressalam linalia ng'ambo ya vichaka, na stesheni nzima inasimama. Wauza mayai wanakimbilia mabehewa ya abiria. Wauza kuku nao mbio huko huko. Swaumu binti Abbasi, ungo wa karanga kichwani, anakimbia kinyume chao wote mpaka behewa la mwisho, la mizigo, ambako hakuna hata abiria mmoja wa kununua karanga.

Anachofuata huko ni gunia la karatasi chakavu.

Gunia ni la Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni, anayefungia sukari na pilipili kwa karatasi hizo. Wameelewana kwamba Swaumu achambue kwanza, kisha yeye akate zilizobaki.

"Nikichelewa anakata," anasema Swaumu huku akihema. "Na kisu chake hakijui kusoma."

Anachotafuta ndani ya gunia ni vijitabu vya zamani vya kesi za mauaji, vile vilivyopigwa chapa Bombay na Unguja kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, siku za masultani, kabla Mdachi hajatia mguu nchini. Vilikuwa vyembamba, vya kurasa chache, vikisomwa barazani mpaka vikachanika. Siku hizi hata pwani ni adimu. Na huku bara, tuliyesikia kwamba anavikusanya ni huyu muuza karanga peke yake.

Swaumu alizaliwa milimani Kondoa, ambako baba yake alifundisha chuo cha Kurani. "Wavulana walikaa mbele. Mimi niliwekwa mlangoni nifukuze mbuzi," anasimulia. "Basi nikasomea hapo hapo mlangoni, mbuzi nao wakiingia."

Alikuja Dodoma na mumewe, Mustapha, aliyeandikwa kazi ya reli. Reli ikasonga kuelekea Tabora, Mustapha akasonga nayo. Swaumu alibaki na kishamba cha karanga Nkuhungu, na mapato yanayotosha chumvi, mafuta na kodi ya kibanda, hayazidi hapo.

Kijitabu cha kwanza alikipata akiwa kazini. Alikuwa anaviringa karatasi amtilie karanga bwana mmoja wa Kidachi, macho yake yakaangukia neno "kisu", na chini yake neno "damu".

"Nikamnyang'anya karanga zake," anasema, na anacheka mpaka anajifuta machozi. "Nilimmiminia mfukoni. Karatasi nikabaki nayo."

Leo anavyo tisa. Amevitia katika kopo la biskuti na kulining'iniza darini kwa waya, maana mchwa wa Dodoma hawana adabu, wanakula hata mlango. Kila gari la moshi likiisha kuondoka, jua likiwa limeanza kulegea, hukaa kwenye ngazi za stesheni na kusoma kwa sauti. Wachukuzi, wauza kuku, askari asiye zamu, wote humzunguka kimya kama wako msikitini.

Kesi wanayoipenda kuliko zote ni ile ya mfanyabiashara Yahaya wa Unguja na mkewe, Mwajabu. Ndiyo hiyo pia iliyoleta balaa.

Kijitabu kinaeleza kwamba Yahaya aliamka mzima, asubuhi akanywa uji, adhuhuri akawa maiti. Mkewe akakamatwa. Swaumu alikuwa akifika kwenye uji anashusha sauti: "Marehemu aliletewa uji na sumu yake, akanywa." Hapo wasikilizaji wote huguna. Halafu kijitabu kinakatika. Ukurasa wa mwisho haupo, hukumu haijulikani.

Wasikilizaji hawakuingoja hukumu. Waliitoa wenyewe, kwamba mke ameua.

Sasa, hapa stesheni kuna mama mtu mzima auzaye uji wa uwele wenye tangawizi. Ametoka pwani. Ni mjane. Na jina lake ni Mwajabu.

Watu waliacha tu kunywa uji. Matonya, mchukuzi wa Kigogo mwenye kifua cha fahali, aliyekuwa akimaliza vibuyu viwili kila asubuhi, akaanza kupita mbali akijifanya anaangalia mawingu. Tena kiangazi, mawingu yenyewe hayapo.

"Sikusema ndiye yeye," Matonya anajitetea, akijikuna shingo. "Nilisema uji ni uji, na jina ni jina. Tumbo ndilo lililokataa."

Bi Mwajabu anasema mumewe alikufa kwa homa Kilimatinde, na waliomzika bado wako hai. Lakini nani angekwenda Kilimatinde kuuliza? Chungu chake kilishinda kimejaa, na jioni alikuwa akimwaga uji nyuma ya ghala, ng'ombe wakilamba.

Jambo hilo lilimkosesha Swaumu raha kabisa. Aliacha kuisoma kesi hiyo, lakini watu walikwisha kuishika kwa moyo. Kilichobaki kilikuwa kuupata ukurasa wa mwisho, na ndiyo maana leo anakimbia vile.

Gunia linafunguliwa sakafuni dukani. Swaumu anapiga magoti, mikono inapekua, vumbi linapanda. Magazeti ya Kidachi, pembeni. Hesabu za Kigujarati, pembeni. Kisha mikono inasimama. Karatasi ya manjano, pembe imeliwa na panya, na juu yake yale maua yale yale yanayopamba kila ukurasa wa kesi ya Yahaya.

"Ndiyo," anasema polepole. "Ndiyo yenyewe hii."

Habari inafika stesheni kabla yake. Anapofika ngazini watu wameshajaa, na Bi Mwajabu mwenyewe amesogea, mwiko mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, mwanangu. Soma. Nataka kujua kama wameninyonga."

Swaumu anasoma. Kadhi ameuliza uji uliletwa na nani. Mke amejibu. Watu wamenyoosha shingo. Swaumu anavuta pumzi, anaendelea: "Kadhi akaamuru, akaitwa sumu. Akaingia sumu, akavua viatu, akaketi."

Anarudia kwa jicho, midomo ikicheza.

"Sumu inavaa viatu?" anauliza Matonya.

Bi Mwajabu ndiye anayeanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, mwiko ukimponyoka. "Mwanangu, hiyo si sumu! Hiyo ni somo. Somo yake! Kwetu pwani, watu wawili wakiitwa jina moja, kila mmoja ni somo wa mwenzake. Huyo ni Yahaya mwingine, rafiki wa marehemu."

Herufi za Kiarabu zina alama moja tu kwa "u" na "o". Mtu wa pwani angelisoma neno hilo bila kusita. Swaumu, aliyelelewa kwa Kirangi, lugha ya kwao Kondoa, na kujifunza Kiswahili njiani, alikuwa hajapata kumsikia mtu akiitwa somo. Uji haukuletwa na sumu yake. Uliletwa na somo yake.

Anasoma tena, sasa sauti imempaa. Yahaya wa pili analia mbele ya kadhi, anakiri kwamba alitia dawa ya panya kwa wivu wa biashara. "Naye Mwajabu akafunguliwa, akarudi kwao kwa heshima."

Kelele inayofuata inawashtua hata mbuzi waliolala relini. Matonya hapigi kelele. Anakwenda moja kwa moja kwenye chungu, anachota mwenyewe, anakunywa kibuyu chote bila kupumua, kisha anakinyoosha ajaziwe tena. "Mbukwa, mama," anasema kwa sauti ndogo. Ni salamu ya kwao, na hakuwa amempa tangu masika.

Swaumu sasa ana mpango. Atavisoma upya vijitabu vyote tisa, Bi Mwajabu akiwa amekaa ubavuni pake, neno kwa neno, kabla ya kumsomea mtu yeyote. "Huenda nimewanyonga wengine," anasema, na safari hii hacheki sana.

Bi Mwajabu amekubali. Anakoroga chungu chake, ambacho sasa kinakaribia kukauka, na kuwatazama wateja waliojipanga.

"Yule Mwajabu wa kitabu ni somo yangu tu," anawaambia. "Ninyi ndio mlionifanya sumu."