Kisu cha Lori la Ladan

Abdirahim Ladan amechinja ng'ombe mjini Kisii miaka arobaini, na kisu chake ni kimoja tu. Wachinjaji wenzake wamepitisha visu mikononi mpaka hawakumbuki hesabu. Wapo wa stenlesi. Hao visu vyao vinang'aa na havijui kutu, lakini akiletwa mnyama wa tatu ukali umeshakwenda zake, na kuurudisha ni kazi ya kuudhi. Wapo wa visu vya jua kali vilivyofuliwa kwa springi za gari. Hivyo havivunjiki ovyo na vinanoleka upesi, ila wiki haiishi kabla hujarudi kwenye kinoo. Cha Abdirahim ni cheusi, hakina sura, na ukikilaza na unyevu kinaamka na wekundu. Lakini akishakinoa, basi! Wiki mbili nzima mkato mmoja unatosha, na mnyama hateseki.

Watu wakimuuliza siri yake, alijipiga kifua.

"Hiyo ni springi ya lori la baba yangu," aliwajibu. "Zamani chuma kilikuwa chuma."

Na mwenye kisu chake cha springi anyamaze, maana hakuna aliyewahi kumshinda mzee huyo kwa maneno.

Kisa chenyewe kilikuwa cha huzuni. Ladan, baba yake, alikuwa akibeba mahindi kutoka Nyansiongo. Mwaka wa themanini na nne breki zilimkataa kwenye mteremko, lori likapinduka, naye akafa papo hapo. Abdirahim alikuwa na miaka ishirini. Baada ya mazishi alitwaa kipande cha springi ya lori lile, akakibeba begani mpaka Birongo kwa Manasseh, mhunzi kijana aliyekuwa akicheza naye mpira. Alimwomba amfulie kisu, apate kuwa na kitu cha baba mkononi. Akaketi mlangoni pa kibanda kutwa nzima bila kula, hadi Manasseh alipomrudisha nyumbani na kumwambia arudi Ijumaa. Ijumaa alikuta kisu tayari.

Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kazi, alikitoa kwenye kitambaa na kumsalimia baba yake kimoyomoyo. Hakuwahi kumwambia mtu. Lakini alikuwa akimpenda sana yule baba, na salamu ile ndiyo iliyomwamsha kitandani hata siku ambazo mgongo ulikataa.

Sasa kisu kimelika. Kinoo kimekila mwaka baada ya mwaka mpaka bapa limebaki na upana wa kidole. Abdirahim aliona wazi kwamba kitaisha kabla yake, na jambo hilo lilimkosesha raha. Ndipo Jumanne moja akarudi Birongo na ombi moja: kile kilichobaki kiunganishwe na chuma kipya, kiwe kisu kizima tena, ili baba asimwishie mkononi.

Manasseh hafui tena. Miguu imevimba, na siku hizi kazi yake ni kukaa kwenye kigoda na kumkosoa bintiye Kwamboka, aliyerithi nyundo. Wazee wakasalimiana kwa Ekegusii, wakataniana kidogo juu ya mabao waliyokosa zamani. Kisha Kwamboka akakigeuza kisu mkononi, akasema lazima kwanza ajue ni chuma gani hasa, kwa sababu kila chuma na moto wake, na ukikosea kinapasuka.

Abdirahim akamwambia asijisumbue, springi ni springi. Kwamboka akatabasamu tu, akawasha mashine ya kunolea. Akagusisha nondo ya ujenzi: cheche zikatoka nyuzi ndefu, kavu. Akagusisha kipande cha stenlesi: cheche chache, fupi, nyekundu. Springi ya pikapu: nyuzi zenye matawi mawili matatu nchani. Tupa iliyochakaa, ile ya kusugulia chuma: kichaka kizima cha nyota kikalipuka palepale kwenye jiwe. Halafu akagusisha mkia wa kile kisu, upande wa mpini.

Kikalipuka kichaka cha nyota. Akarudia mara ya pili, kichaka kilekile.

"Mzee," alisema Kwamboka polepole, "hii si springi. Hii ni tupa."

Abdirahim alikasirika vibaya. Alisema watoto wa siku hizi wanaamini mashine kuliko watu, akasema mengine ambayo si ya kurudia. Kisha akamgeukia Manasseh ili amtetee, akakuta mwenzake ameinamia miguu yake.

"Springi ilikuwa na ufa ndani, Abdi," alisema Manasseh. "Niliipasha moto mara mbili, ikafunguka mara mbili. Nawe umeketi pale mlangoni. Ningekwambia nini? Vile vipande nilivizika hapa nyuma. Sikuweza kuviuza."

Abdirahim alihisi ameibiwa. Miaka arobaini ya salamu, kumbe alikuwa akimsalimia nani? Alitaka kuondoka, lakini jambo moja likamshika. Alikumbuka kwamba mwaka ule watu wa Nyacheki walilalamika sana juu ya Manasseh, kwamba visu vyao vya kupogolea michai vinakaa kibandani miezi bila kumalizwa, wakavipeleka kwingine. Abdirahim mwenyewe alimkuta akisugua chuma kwa jiwe la mtoni, akamcheka, akamwita mvivu. Kumbe mtu hakuwa na tupa.

"Ulikuwa na tupa ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Uliinunua?"

Manasseh alitikisa kichwa. "Ilikuwa ya baba," alisema. "Ndiyo pekee aliyoniachia."

Kwamboka akazima mashine. Hasira ilimtoka Abdirahim yote, aibu ikamjaa mpaka shingoni. Kisha akakichukua kile kisu, akamwendea mwenzake, akakiweka mapajani mwake.

"Kila alfajiri nilimsalimia baba humu," alisema. "Miaka arobaini, Manasseh, na baba mwenyewe alikuwa wako."

Manasseh alikishika kwa mikono miwili. Tangu ile Ijumaa hakuwahi kukigusa, naye alilia bila kumwonea haya binti yake.