Laptop Kando ya Kaburi la Mama

Asubuhi ya kumzika mama nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya hema, laptop juu ya kiti cha plastiki. Kaka yangu, kifungua mimba, yuko ng'ambo na makaratasi yake hayajakamilika. Akitoka huko hataruhusiwa kurudi tena. Kwetu kifungua mimba ndiye hurusha udongo wa kwanza. Aliniomba kitu kimoja tu, amwone mama kabla hajafunikwa.

Huko shambani, mashariki ya Thika, laini yangu pekee ndiyo ilishika mtandao, na kamera ya simu ilikufa kitambo. Nikaunganisha simu na laptop ili itumie intaneti ya simu. Hakuna kilichofunguka. Nilipoita seva moja ya mtandaoni kwa namba, ilijibu. Nilipoiita kwa jina, kimya. Nikaelewa. Wiki hiyo, kwenye saiba yangu, duka langu la intaneti la Mwihoko, nilikuwa nimeweka programu iitwayo dnsmasq katika laptop hii ya Linux ili itafutie mashine zote za dukani majina ya tovuti. Sasa huduma mbili za majina ziligombania mlango mmoja, namba 53. Ile ya mfumo wenyewe, ambayo ingeuliza simu yangu, ilifungiwa nje. Dnsmasq ilikalia mlango ikiuliza kifaa cha intaneti kilichobaki Mwihoko. Mganga hajigangi, wanasema. Nilijichukia.

"Familia sasa ikuje karibu," pasta akasema. Mjomba akashika sepetu.

Tata, dada ya mama, akaniinamia. "Imekubali?"

"Bado, tata."

"Basi harakisha. Mimi nitawashikilia na wimbo."

Kwetu sepetu haichoti udongo kabla akina mama wa kanisa hawajamaliza kuimba. Tata akaanzisha ule mrefu kabisa, na kila ubeti ulipoisha akarudia pambio.

Nikasimamisha dnsmasq, nikaizuia isijiwashe tena, nikawasha ile nyingine. Bado. Pambio lilikuwa linachoka, na mjomba alianza kukohoa. Ndipo nikakumbuka faili ambamo nilikuwa nimeandika mwenyewe anwani ya kifaa cha Mwihoko. Nikalifuta, nikarudisha lile la mfumo. Jina likajibiwa.

Nikampigia kaka kwa video, akatokea kwenye skrini. Hakunisalimia. Alikuwa amekunja ngumi, na mbele yake chungu cha maua kilichochimbuliwa udongo. Lazima alikaa hivyo tangu ibada ianze, maana udongo ulikuwa umemkaukia vidoleni.

"Nisongeze karibu," akasema.

Nikaibeba laptop, yeye akiwa kwenye skrini, hadi ukingoni mwa kaburi. Tata akamaliza wimbo. Kaka akafungua mkono juu ya chungu chake, udongo wa kwanza ukaanguka, kisha mjomba akainua sepetu.