Chungu cha Kwanza Si Chako

Jirani yangu akianza kutwanga sombe, majani ya muhogo, asubuhi, mimi husikia vigae. Kinu cha sombe kina sauti ya majimaji. Cha vigae ni kikavu, kinatia meno ganzi, na vumbi lake huwasha pua. Nilikuwa na miaka kumi nilipokisikia mara ya kwanza, katika shule ya sanaa ya mtaani kwetu Kolwezi, kwenye atelye, karakana ya ufinyanzi ya mwalimu wetu Tata Kalenga.

Shule ilikuwa na desturi moja ya tangu kuanzishwa kwake. Chungu chako cha kwanza ulikifinyanga kwa udongo mtupu, kikachomwa, halafu kikavunjwa na kutwangwa. Unga wake ulichanganywa katika udongo wa wanaofuata, ili vyungu vyao vistahimili moto. "Ya kwanza haiko yako," Tata Kalenga alituambia, nami nikamchukia wiki nzima.

Nilikihitaji kile chungu. Mama alikuwa ameapa kunitoa pale mwisho wa mwezi. Kwake, kuchezea udongo hakukuwa masomo. Nilitaka aone kwa macho yake. Basi siku ya kuvunja nilipeleka chungu kikuukuu cha shangazi, changu nikakificha ndani ya kitenge. Tata Kalenga alikigeuzageuza kile cha shangazi, akanusa masizi yake, akakiponda bila neno. Nikajiona mjanja kweli.

Mama alifurahi, Mungu amrehemu. Alikijaza maharage, akakiteleka kwenye mkaa. Maharage yalipoanza kutokota, chungu kililia mara moja, kikagawanyika pande mbili. Njaa ya siku ile naikumbuka, lakini uso wa Mama naukumbuka zaidi.

Alinikokota hadi shuleni, vigae ndani ya beseni.

"Tata mwalimu, nyungu yenu imemwanga maragi ya batoto."

Tata Kalenga alivitazama vigae, kisha akanitazama mimi. "Mama, hii haina bankambo ndani, haina unga ya benye kutangulia. Mutoto alitaka isimame peke yake." Akavimimina kinuni, akaanza kutwanga.

Mama alivumilia kidogo tu. "Unatwanga sawa mutu hayakula. Leta."

Akakaza kitenge, akatwanga mpaka jasho likamtiririka na vigae vikawa unga. Akirudisha mchi alisema, "Kesho atarudia. Lakini ya pili itakuya kwangu."

Cha pili kilikaa jikoni kwake miaka yote. Shule haipo tena. Kobalti ilionekana chini ya atelye, wachimbaji wakaingia. Siku ya kufunga, Tata Kalenga alitugawia unga wa vigae, kila mtu mfuko wake. Mimi niliona ni vumbi tu. Mama alipokwisha kuzikwa ndipo nilipoufungua, nikaelewa kwamba nimebeba vyungu vya wote waliopita pale, pamoja na kile alichokitwanga yeye kwa hasira. Nililia sana.

Sasa ufinyanzi nafundisha mimi, kwa desturi ile ile. Jana ilikuwa siku ya kuvunja. Msichana mmoja aliniletea chungu cha sokoni, macho yakitazama dari, kitenge kimemvimba ubavuni. Nilikiponda bila neno. Namsubiri mama yake.