Darasa Lililojifunza Kusema kwa Mikono

Binti yangu alipoteza kusikia kabla hajafikia umri wa kwenda shule. Homa ya uti wa mgongo ilimshika wakati ule wa baridi kali ya Molo. Alipopona nilimwita jina lake, akaendelea kuchezea kitasa cha mlango. Nikafikiri ni ukaidi. Nikagonga sufuria nyuma ya kichwa chake, hakugeuka.

Nyumbani tukabuni ishara zetu. Kiazi kilikuwa ngumi, maziwa yalikuwa vidole vikikamua hewa, na baba yake alikuwa kiganja kilichopita juu ya kipara. Zilitutosha mpaka watoto wa rika lake walipoanza shule. Kila asubuhi alisimama langoni akiwatazama wakipita na sare zao, kisha akaja kunivuta sketi.

Nikampeleka shule ya msingi iliyo karibu nasi. Mwalimu mkuu alitukaribisha kwa heshima, akaagiza chai, halafu akasema hakuwa na mtu wa kumfundisha mtoto kama huyo. Alinishauri nitafute shule ya bweni ya viziwi, mbali na kwetu, au nikae naye tu. Mama mkwe aliona heri tukae naye. Alimpenda mjukuu wake, na alihofia angechekwa.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeniambia kuna kituo Nakuru cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Tukashuka siku ya soko, juu ya lori la viazi. Ofisa aliyetupokea alikuwa kiziwi, mkalimani akiwa kando yake. Alimwinamia binti yangu na kuanza kuongea kwa mikono. Mtoto akaitazama ile mikono bila kupepesa macho. Hakuwa amewahi kumwona mtu mzima asiyesikia, na kusema kweli, mimi pia sikuwa nimewahi.

Ofisa akanieleza kwamba Katiba inaitambua lugha ya ishara, na inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma. Shule haikuwa na ruhusa ya kumfungia mlango. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Mama, wewe ungetaka asome wapi?"

"Alale nyumbani," nikasema. "Asome na wale anaowaona wakipita."

Mkalimani alipomfikishia hayo, ofisa alitikisa kichwa kukubali, akaahidi kuja mwenyewe.

Alikuja. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba sheria huandikwa Nairobi na walimu hawaletwi, na hapo hakukosea. Walijadiliana hadi chai ikapoa. Mwishowe ikaamuliwa mwalimu wa ishara atumwe baadhi ya siku, na mwalimu wa darasa, msichana aliyetoka chuo juzi tu, akasema atajifunza. Jumamosi wazazi nasi tukaitwa kujifunza. Mama mkwe alikuja na shali yake, akaketi dawati la mbele.

Watoto walitushinda wote. Muda si mrefu darasa zima lilikuwa likipiga gumzo kimyakimya mwalimu akiandika ubaoni, na yeye akigeuka hapati wa kumkemea.

Sasa binti yangu yuko sekondari ya msingi, katika uwanja uleule wa shule yake ya msingi. Kwenye mkutano wa wazazi muhula huu alinyanyuka, nami nikatafsiri. Aliuliza kwa nini chumba cha kompyuta kina ngazi, ilhali kuna msichana wa gredi ya nne anayetumia kiti cha magurudumu, na kila mara hubebwa kama gunia. Katiba ni ya huyo pia, alisema.

Mwalimu mkuu akajibu kwa mikono yake mwenyewe, polepole: tutajenga njia ya mteremko. Neno la mwisho alilikosea. Binti yangu akaenda mbele, akamnyoosha kidole gumba taratibu, naye akalirudia.

Wiki hiyohiyo akina baba walileta kokoto.