Jina la Shabani Katika Daftari la Mahudhurio

Asubuhi ya leo nimemwandika marehemu kuwa amehudhuria shule.

Ndugu zangu tuliohitimu pamoja kozi ya walimu wakuu, msinicheke kwanza.

Nilikuwa naita majina katika shule yangu mpya, Mlingotini. Nilipomwita Shabani, darasa zima liliitikia, "Yupo!" Dawati lake lilikuwa tupu.

"Alikufa kwa surua," mwalimu mwenzangu alininong'oneza. "Mama yake huja dirishani kusikiliza."

Kanuni mnaijua: jina la marehemu hukatwa. Nikainua kalamu.

"Hujambo, mwalimu mpya?" mama yake aliniita kutoka dirishani. "Mwanangu kaja leo?"

Mimi, niliyewashinda nyote kwa hoja, nilijibu, "Shikamoo, mama. Kaja."

Alishukuru, akaenda zake.

Kesho nitamwita tena Shabani, nami naogopa kulitazama dawati lile.

Ninyi mngejibuje?