Mguu wa Kuku wa Marehemu Nguma

Msinicheke. Maiti tuliyemzika wenyewe alikuja kukaa barazani kwangu mchana kweupe, nami nikamuuliza kama atakunywa kahawa.

Hakujibu.

Wafu wa siku hizi hawana adabu.

Naitwa Bi Mwanasaumu, wa Timbwani, Likoni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imeruka, irukeni nanyi.

Hapa mtaani mimi ndiye mweka amana. Mtu akisafiri, akiwa na dhahabu ya harusi, akiwa na hati ya kiwanja, huniletea mimi. Sifungui wala siulizi kilichomo. Ukiifungua amana ya mtu umeshakuwa mwizi, hata kama hukuchukua kitu.

Basi alasiri moja akaja Nguma, kijana wa nyumba ya pili, muuza samaki, mpole kama maji ya mtungini. Amekumbatia furushi lililofungwa kwa kilemba chake. Uso umempauka, na anachechemea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wachechemea nini, umefukuzwa na mume wa mtu?"

Akajaribu kucheka. "Nimejikwaa tu. Niwekee amana hii. Usimpe mtu ila Ruwa."

Ruwa ni kakake mkubwa. Nikamwambia Nguma akae nimpe maji, akasema ana haraka.

Hakufika mbali. Walimkuta kaegemea ukuta wa msikiti kama mtu anayepumzika. Kiatu kimejaa damu.

Waosha wakasema ni tundu la risasi, pajani. Tukamzika kabla ya magharibi. Polisi walikuja watu tushakaa matangani.

Mtaa haukungoja polisi. Ulishamhukumu Abdulhakim, mwenye duka la mabati. Asubuhi ya siku ile walishikana mashati yeye na Nguma, kwa sababu Abdulhakim alijenga ukuta akaziba njia ya kupita. Na mazishini hakuja. Alijifungia ndani.

"Mumeona?" watu wakasema. "Mwenye haki hajifungii."

Tangu khitma, kila baada ya sala ya alasiri, Nguma yuwaja.

Hapigi hodi. Nageuka, namkuta ameketi upande mmoja, mguu kaunyosha, ananitazama. Halafu kutoka kabatini, ilipo amana yake, nasikia: tak. Kama mtu anayevunja kungu kwa jino.

Nilifukiza ubani. Nikasoma Yasini yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akabaki pale pale.

"Nguma, mwanangu, wataka nini?"

Akaweka mkono pajani.

Tak, ndani.

Nikaelewa. Yaani nikadhani nimeelewa. Nikasema, huyu ataka kisasi, na hatalala mpaka alipiwe.

Siku ya pili Ruwa akaja. Macho mekundu, hajanyoa.

"Bibi, una amana ya ndugu yangu. Nipe."

"Waijua ni kitu gani?"

"Naijua. Ni mguu wa kuku." Akashusha sauti. "Leo Abdulhakim atatoka ndani, au nitamtoa mimi."

Uwii! Kumbe siku zote hizo nalala chumba kimoja na bastola!

Sasa tazameni mtego ule. Nikimpa, Abdulhakim yuwafa leo na Ruwa anaozea jela. Nikimnyima, nimekula amana, na mwenye amana mwenyewe ameketi hapo ananikodolea macho.

Lakini amana ina desturi yake. Haitoki mkononi kwangu mpaka ifunguliwe mbele ya shahidi, na mpokeaji aseme, nimepokea, imetimia. Na shahidi namchagua mimi.

Nikamchagua Mbwana, mtalaka wangu.

Mbwana alikuwa mwanajeshi, kazi yake kutunza silaha za kambi. Tena ni mtu asiyekuwa na haraka na kitu chochote duniani. Ndiyo tukaachana.

Akaja na kofia yake ya vito, ya kudarizi, anatabasamu. "Mwanasaumu, umenikumbuka. Wataka nikurejee?"

"Nataka shahidi, sitaki mume. Keti."

Akaketi. Ruwa akaketi mbele yake. Katikati yao akaketi Nguma, nami peke yangu ndiye niliyemwona akiinama kutazama.

Nikalifungua furushi.

Mbwana hakushtuka. Aliiinua bastola, akachomoa magazini, kile kibweta cha risasi, akazihamisha risasi zote kwenye kofia yake, akachungulia ndani ya mtutu kuhakikisha. Kisha akaipima mkononi kama mtu anunuaye papai.

"Hiyo ni ya jeshi, mzee," Ruwa akasema. "Bei yake rahisi, lakini kali. Itupe mchangani, itie majini, inapiga tu."

"Ya jeshi gani?"

"La... ng'ambo huko."

"Basi jeshi hilo lilishindwa vita."

Mimi nikacheka. Nguma hakucheka.

"Tazama," Mbwana akasema. "Umbo ni la zile tulizobeba sisi, na rangi nyeusi imepakwa vizuri. Lakini huku ndani imekwanguliwa kwa tupa. Springi yake ni ya kalamu. Itapiga moja, ya pili itakwama. Na hilo si kitu, afadhali ingekwama siku zote."

"Moja yanitosha," Ruwa akasema. "Nipe niende zangu."

"Shahidi hajamaliza," nikamwambia. "Keti chini au upite juu yangu, na mimi nikivunjika nyonga utanibeba wewe."

Akaketi.

Mbwana akaikoki bastola tupu, akafunga loki yake ya usalama. "Hapa imefungwa. Haitakiwi kulia hata ukiipigilia msumari."

Akaigonga kwenye ubao wa baraza.

Tak.

Ilikuwa sauti ile ile ya kabatini.

Akaikoki tena, akafunga tena. Safari hii akagonga taratibu, kama mtu abishaye hodi kwa mkwewe.

Tak.

"Loki hii ni pambo," akasema. "Bastola kama hii haihitaji adui. Yamtosha mwenyewe."

Kisha akakichukua kile kilemba, akakitandaza gotini. Kilikuwa na tundu. Akatia kidole.

"Alikuwa akiichomeka kiunoni, kaizungushia kitambaa hiki. Tundu limeungua, na masizi yako upande wa ndani. Risasi ilitokea humu humu. Waosha walisema jeraha lilielekea wapi?"

"Liliingia juu ya paja," nikajibu, "likashuka kwenda gotini."

"Basi. Aliruka mtaro, au alikaa vibaya. Abdulhakim hakumgusa."

Ruwa akasimama. "Uongo! Nguma angesema!"

"Angemwambia nani?" nikamuuliza. "Hospitali wangemuuliza kwanza, bunduki ya nani, kakupa nani. Kwa hivyo alikuja kuificha kwanza, damu inamwagika. Alitembea kwa mguu ule mpaka kwangu, Ruwa. Palikuwa na mtu hakutaka aulizwe."



Mbwana, kwa ule upole wake ulioniudhi ndoa nzima, akamtazama. "Nani aliyemnunulia?"

Ruwa akaitazama ile bastola. Nilimwona akianza kuelewa kutoka miguuni kwenda juu.

"Alikuwa akitoka alfajiri kufuata samaki," akasema mwishowe. "Hawa vijana wa panga walishamkimbiza. Mimi nilikuwa siwezi kulala. Nikamtafutia. Nikaijaribu mwenyewe, ikapiga. Nikamwambia, ichukue, hii haikuangushi."

Akaketi tena, lakini si kama alivyoketi kwanza.

"Yeye hakuitaka, bibi. Nilimlazimisha."

Mkono wake ukaenda kwenye ile bastola, polepole. Risasi zote zilikuwa kofiani mwa Mbwana, lakini sikuupenda mkono ule. Nikainuka, nikaivuta, nikaikalia. Ndiyo, niliikalia, mimi na uzito wangu wote wa biriani za watu.

"Amana imebatilika," nikamwambia. "Ukiitaka, ninyanyue."

Akaanguka magotini pangu akalia kwa sauti ambayo hata matangani hakuitoa. Nikamwekea mkono kichwani. Nilipotazama pale katikati, Nguma hakuwapo.

Mbwana aliipeleka kituoni yeye na chifu. Waliulizwa maswali mpaka jua likachwa, na Ruwa alikwenda nao akasema yake yote.

Kabla ya kwenda alipita kwa Abdulhakim, akabisha mlango.

"Nani?" sauti ya hofu ikatoka ndani.

"Ni Ruwa. Nimekuja mikono mitupu. Toka, uje umzuru ndugu yangu kaburini."

Nawaachia neno moja, wanangu. Ukifiwa, usikimbilie kumtafuta aliyeua. Tafuta kwanza kilichomuua marehemu, kisha uliza ni nani aliyempa. Na ujikaze, kwani huenda atakayeitika ni yule yule anayeuliza.