Siku Tulipokuwa Unga Moja

Ko, ko, ko. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga mlango naona haya, maana sauti ile haikuwa ya mlango, ilikuwa ya mkate, mkate wetu, mkate niliouchoma kwa mikono yangu, ukigongwa juu ya meza ya harusi mbele ya mikro, na spika mbili kubwa zikaipeleka ile ko-ko-ko mpaka barabarani. Siku ile nilitamani treni ipite, hata ile ya mizigo, niirukie.

Nianze mwanzo. Tulikuwa wanne kwenye bulanjeri ya Mama Ngalula, nyumba ya mikate: Papa Ilunga anayechoma mikate kwenye furu (mzee asiyesema, ukimsalimia anakujibu kwa kugusa kofia), Kazadi anayekanda unga na kujivunia kifua chake, Solange, mke wa askari wa baze ya jeshi, anayeuza na kufokea wateja, na mimi Fifi, muosha mabati ya mikate. Kila mtu na kona yake. Basi nikaenda formasyo, mafunzo ya asubuhi moja kwenye ukumbi wa paroasi, pale kanisani (walisema watagawa chakula), na bwana mmoja wa Lubumbashi mwenye viatu vya ncha akatuambia kwamba ekipe ya kazi isiyo na lengo moja ni treni isiyo na kichwa. Sisi wa Kamina tulielewa mbio, treni za namna ile tumezingoja sana.

Nilirudi nikiwaka. Wiki ile Mama Ngalula alikuwa amepata komande ya mikate mia tatu ya harusi, na alishatuonya: "Bana bangu, mukinipatisha haya ku ndoa hii, muntu moja atarudia kwake." Mtu mwenye akili angenyamaza aoshe mabati. Mimi, Ijumaa, Mama akiwa amekwenda sokoni, nikawaambia wenzangu: kesho tubadilishane kazi, kila mtu ashike ya mwenzake, tujuane, tuwe moyo moja.

"Fifi, weye uko na homa," Solange akasema.

"Minyi nioshe mabati?" Kazadi akauliza, kama nimemwambia azae.

Papa Ilunga akagusa kofia. Nikahesabu hiyo ni ndiyo.

Jumamosi asubuhi, Mama akiwa ameshatangulia kwenye harusi, Papa Ilunga akaenda moja kwa moja kusimama dukani (aliuza vizuri kuliko Solange, wateja walidhani amefiwa wakamhurumia), Solange akakanda huku akiutukana unga kwa Kilingala, Kazadi akanuna kisimani na mabati, na mimi, malkia wa furu, nikakuta ile ndoo ya bluu, ambayo kila asubuhi tunaikuta imejaa maji pembeni ya unga, leo iko tupu. Nikafurahi, hii nayo kazi! Nikaijaza maji safi kabisa, Solange akamimina.

Unga haukuvimba. "Ni baridi ya Juni," nikasema. Tukangoja, nao ukalala pale pale kama mtu aliyekataa kuamka. "Utavimba ndani ya furu," nikasema, "tuwe na imani." Mikate ikatoka midogo, nikasema harusi inapenda vitu vidogo vidogo.

Ningeishia hapo, haya ingekuwa nusu. Lakini nilishawafundisha wenzangu neno la kusema, basi tuliingia ukumbi wa harusi wote wanne na epro nyeupe kifuani, tukapanga mstari mbele ya maharusi, mwenye mikro akatupa nafasi, nikapaza: "Sisi ni nani?" Wakajibu (Kazadi kwa sauti ya mgonjwa): "Unga moja!" Watu wakapiga makofi. Mama wa bibi harusi akachukua mkate, akaubinya, akajaribu kuumega, akaugeuza huku na huku, kisha akaugonga mezani. Ko, ko, ko.

"Hodi! Kuko muntu mu ndani?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Yule wa mikro akaisogeza karibu: "Mama, gonga tena, pengine balilala!" Ko, ko, ko.

Hapo ndipo ekipe yetu, kwa mara ya kwanza, ikapata lengo moja: mlango wa nyuma. Lakini Mama Ngalula alishatukatia njia, na macho yake yakaenda kwa mtu wa furu.

"Papa Ilunga. Miaka yote hii. Juu ya nini unanifanya hivi? Kesho usikuye."

Mzee akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake, kumbe kilikuwa kidogo, cheupe kabisa. Solange akatazama viatu, Kazadi akatazama paa, na mimi nikaitazama kofia ile ikizungushwa mikononi, nikajua nikijifanya sijui, lawama itabaki kwake.

"Haiko yeye, Mama," nikasema, na kumbe mikro bado ilikuwa wazi. "Njo minyi. Minyi nilibadilisha bantu kazi. Minyi nilichoma."

"Na levire ya kuvimbisha mikate ulitia ngapi?"

"Levire gani?"

Ko, ko, ko, mtu akagonga kule nyuma.

"Iko mu ndoo," Papa Ilunga akasema polepole. "Natiaka minyi, mbele mufike. Nilizani munajuaka."

Hatukujua. Hata Kazadi alidhani levire inakuja tayari ndani ya gunia la unga.

"Muko na masaa matatu muchome ingine," Mama akasema. "Kimbieni."

Tukakimbia barabarani na epro zetu. Kila mtu akarudi kona yake, lakini kwanza Papa Ilunga akatuita, akatuonyesha: maji ya vuguvugu, sukari, levire, ngoja mpaka povu. Tukainamisha vichwa vinne juu ya ndoo moja, hakuna aliyesema unga moja. Mikate ikafika watu wakicheza, ikaisha ingali moto, na Mama akamrudishia mzee kofia yake kichwani kwa mkono wake mwenyewe. Kwangu alisema tu: "Weye, mabati. Mpaka uzeeke."

Sikatai lengo moja, jamani, bado nalipenda. Ila sitaita tena watu wawe moyo moja kabla sijamuuliza yule asiyesema anafanya nini sisi tukiwa bado hatujafika.

Jioni wenzangu walipoenda, nikatoa mkate mmoja wa ile migumu niliokuwa nimeuficha ndani ya epro. Nikaugonga kidogo ukutani. Hodi. Kisha nikakaa juu ya gunia, nikauchovya ndani ya chai iliyopoa, nikautafuna mpaka mwisho.